Athanasi Kija Salu, Fundi Aliyerudi Kwenye Kioo cha Bedford (1956–2026)

Ndugu waombolezaji, tumelia tangu Jumapili na tutalia tena. Lakini marehemu aliagiza kwamba habari ya kioo isomwe yote bila kupunguzwa, na anayetaka kucheka acheke. Kwa hiyo tunamshukuru Mungu, tunafuta machozi kidogo, na tunasoma.

Mpendwa wetu Athanasi Kija Salu alizaliwa tarehe 2 Mei 1956 Nkololo, Bariadi, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kija Salu na Mama Elina. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Athanasi, na katekista aliyepita nyumbani jioni alimaliza mjadala wa jina kabla haujaanza. Alibatizwa mwezi uliofuata.

Alisoma shule ya msingi Nkololo kuanzia mwaka 1965 hadi 1971 alipomaliza darasa la saba. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kuchunga ng'ombe siku za mitihani. Mwaka 1973 alikwenda Binza, Maswa, kujifunza ufundi wa magari kwa fundi Josia. Wenzake walikimbilia injini. Yeye alichagua vioo, kazi ambayo wengi waliikwepa kwa sababu kosa moja halirekebishiki.

Tarehe 10 Oktoba 1981, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Apolonia Lugata. Mungu aliwajalia watoto wanne. Pamoja na mke, marehemu alipata shemeji: Mzee Masunga Lugata, kaka mkubwa wa Apolonia, mwenye lori la Bedford la mwaka 1972 lililobeba pamba kutoka vijijini kwenda kwenye kinu cha kuichambua.

Julai 1983 kioo cha mbele cha lori hilo kilipasuka. Mzee Masunga alisafiri hadi Mwanza, akapata kingine kilichopinda vilevile, na akakileta kimefungwa ndani ya godoro. Shemeji yake mpya akapewa kazi. Kioo cha gari kama lile hushikwa na mpira unaokizunguka. Fundi hupitisha kamba kwenye mfereji wa mpira, hupaka sabuni ili uteleze, kisha huivuta kamba kutoka ndani polepole, na mpira hupanda juu ya bati. Wakubwa wanakumbuka mwaka ule: sabuni haikuonekana madukani. Nyumbani, hata hivyo, samli ilijaa kibuyu. Marehemu akapaka samli.

Kioo kiliingia kwa dakika kumi! Watu walipiga makofi. Hakuna aliyejua kwamba mafuta hula mpira. Kufikia Septemba mpira ulikuwa umevimba na kulainika kama ugali, na siku moja, karibu na Nyalikungu, lori likiwa na magunia ya pamba hadi juu, gurudumu liliingia shimoni na kioo kizima kikaanguka mapajani mwa Mzee Masunga. Alikikumbatia kwa mkono mmoja, akashika usukani kwa mwingine, akasimama salama. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Alirudi Bariadi, akamwambia shemeji yake maneno sita tu: "Usiguse gari langu tena mpaka ufe."

Marehemu hakubisha. Mwaka 1985 alifungua banda lake la vioo karibu na stendi ya Bariadi, na kwa miaka arobaini alifunga vioo vya mabasi, matrekta na magari ya wagonjwa. Kila mwanafunzi wake alianza kwa kufundishwa habari ya samli. Alikuwa mwanajumuiya mwaminifu wa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na vioo vya kanisa letu alivifunga yeye. Lakini lile Bedford lilipita kwa mafundi wengine, kila mmoja akapaka gundi yake juu ya gundi ya mwenzake, na kila masika liliendelea kuvuja.

Juni 2025 marehemu alianza kupata shida ya kumeza. Vipimo vya Mwanza vilionyesha saratani ya umio. Aliomba ukweli, akaambiwa, akarudi nyumbani na kupokea mpako wa wagonjwa. Mwili ulipungua sana, ila mikono ilibaki na nguvu.

Januari mwaka huu Mzee Masunga, mwenye miaka 82, alikuja kumjulia hali mvua ikinyesha. Aliingia na kuku mkononi, shati limelowa kifuani.

"Mwadila, shemeji," marehemu akamsalimu kwa Kisukuma. "Umeoga njiani?"

"Gari linavuja."

"Tangu lini?"

"Unajua vizuri tangu lini, mla samli wewe."

Marehemu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba kile ambacho hakuwahi kuomba kwa miaka arobaini na miwili. "Niachie kile kioo, Masunga. Nikitoe, nikirudishe sawasawa. Sitaki kwenda na hilo."

"Kikivunjika? Kingine hakipo Mwanza, hakipo popote."

"Kikivunjika, usije kunizika."

Ni Mama Apolonia aliyesema kutoka jikoni, "Kaka, mpe. Umemchapa vya kutosha."

Kazi ilianza Alhamisi tarehe 5 Februari. Marehemu alikaa kwenye kiti kando ya lori, na binti yake Specioza, fundi aliyerithi banda, alikuwa mikono yake pale nguvu zilipoisha. Kwanza gundi ya zamani! Ilitoka kwa tabaka. Juu kabisa silikoni nyeupe, chini yake gundi nyeusi, kisha lami iliyokauka kama jiwe. Marehemu alizitambua zote kwa majina ya mafundi. Kwenye kona moja walikuta bazoka iliyotafunwa, akasema, "Huyu simtaji, yupo hai na ana watoto." Hawakutumia bisibisi hata mara moja, kwa sababu chuma kikigusa ukingo wa kioo, ufa huanzia hapo. Walilainisha lami kwa matambara ya maji ya moto, wakapitisha waya mwembamba, baba akivuta ndani na binti nje, kama watu wanaokata mti kwa msumeno. Jioni ya Ijumaa kioo kilitoka kizima, kikalazwa juu ya blanketi. Walikwangua fremu mpaka bati likang'aa, wakapiga msasa kwenye kutu, wakapaka rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke.

Jumamosi ilikuwa siku yenyewe. Mpira mpya, kamba safi, na ndoo ya sabuni. Mzee Masunga aliinusa ile ndoo kwanza, watu wakaangua kicheko. Marehemu aliingia ndani ya lori na kushika kamba. Chini kukaingia. Kulia kukaingia. Kona ya juu kushoto kioo kikalia kwa sauti nyembamba.

"Baba, kinagoma," Specioza akasema. "Tukitoe?"

"Hakigomi. Kinataka sabuni. Weka kiganja, usisukume. Kiegemee tu."

Akavuta kwa urefu wa kidole. Akapumzika, midomo ikisali. Akavuta tena. Mpira ukapanda juu ya bati kwa mlio mmoja, kamba yote ikamjia mapajani, na vigelegele vikasikika hadi stendi!

Mzee Masunga hakushangilia. Jumatano mvua kubwa iliponyesha, alinyunyiza unga wa sembe mbele yote chini ya kioo, akafunga milango, akakaa ndani saa nzima. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kitandani kwa marehemu na kumwonyesha kidole chenye unga mkavu.

"Haya," akasema. "Nitakuja kukuzika."

"Usiwe na haraka, shemeji."

Alasiri ya Jumamosi tarehe 7 Machi, lori lilipita kuelekea Nkololo. Miaka yote, Mama Apolonia anasema, mume wake aliposikia mlio wa lori hilo alikuwa akigeukia ukutani. Safari hii aliomba abebwe mpaka mlangoni. Alilitazama likija, akalitazama likiondoka, mpaka vumbi likatulia. Alilala akiwa na amani, na Jumapili tarehe 8 Machi 2026, saa kumi na mbili asubuhi, Mungu akamwita.

Ameacha mjane, Apolonia, watoto wanne, Januarius, Specioza, Dastan na Philomena, wajukuu tisa, ndugu watatu, na shemeji mmoja, ambaye tangu jana hajakubali mtu mwingine ashike jembe pale kaburini.

Athanasi, fundi wetu, pumzika kwa amani ya Kristo. Hukuacha kazi bila kuimaliza.