Nani Amwambie Mama Mkwe wa Diwani

Kijiwe chetu cha Bangwe ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali, na yalitokaje relini hadi hapa ni jambo ambalo mtu mwenye adabu haulizi. Ukikaa pale unaliona ziwa lote, na mwaka ule wa vita vya ng'ambo ulikuwa unaona pia mitumbwi ikishusha watu: akina mama na magodoro, wazee na kuku, watoto na sufuria kichwani. Mji ulijaa mpaka foleni ya bombani ikawa inapita mbele ya magoti yetu. Sisi hatukuhama. Alikuwepo Anatoli, tuliyemwita Jaji, ambaye kazi yake mahakamani ilikuwa kupeleka faili tu, lakini alistaafu na Kiswahili chote cha hukumu. Alikuwepo Dotto, fundi baiskeli, jina lake Redio, kwa sababu anatangaza hata asichokisikia. Alikuwepo Pastory wa Kalinzi, mwenye birika, anayeuza kahawa ya shambani kwake na matusi anatoa bure. Na mimi, Winchi, niliyeendesha winchi bandarini mpaka mgongo ukakataa. Kazi yetu wote ilikuwa moja tu, kuongoza nchi tukiwa tumekaa.

Alasiri hiyo akaja Bonifasi amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga. Bonifasi ni fundi cherehani, na ndiye diwani wetu, tulimchagua wenyewe kwa vigelegele. Akaketi bila hata salamu.

— Mheshimiwa, mtoto wa nani huyo umemwiba? Redio akauliza.

Bonifasi akafungua kanga. Kumbe kipaza sauti, kile cha betri, kinachotolewa mara moja moja kutangazia kipindupindu.

— Nimetumwa kutangaza, akasema. Kabla ya magharibi. Wageni wote wa ng'ambo wanaokaa majumbani, kesho asubuhi wakusanyike uwanja wa mpira. Yanakuja malori. Wanapelekwa kambini.

— Wote? Jaji akauliza.

— Wote. Na kila diwani atangaze katani kwake, kwa mdomo wake mwenyewe.

Kisha Redio akaanza kutikisika mabega, akajaribu kujizuia, wapi! Akaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

Hapa lazima nieleze, maana mtu mgeni atamwona Redio hana utu. Mama mkwe wa Bonifasi, mama wa mkewe Angelina, alikuwa ameshuka na mtumbwi mwezi wa Novemba, na kwao mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani. Ni mwiko mkubwa. Sasa nyumba ya Bonifasi ni chumba na sebule, na mama akapewa sebule. Tangu siku hiyo diwani wetu anaingia nyumbani kwake kwa dirisha. Mtu anayepitisha bajeti ya mji mzima, jioni unamkuta mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, viatu kavishika kwa meno! Kuoga anaomba kwa jirani.

— Angelina anasemaje? nikamuuliza.

— Anasema mama akipanda lori, naye anapanda. Na watoto anawachukua.

Hapo Redio akashindwa kujizuia, kwa sababu mdomo wake hauna kufuli.

— Wewe ulitaka mwenyewe, akasema. Ulisimama hapa hapa, shati jeupe, unatuambia unataka kurudisha fadhila kwa jamii iliyokulea. Umerudisha nini mpaka leo? Mpira mmoja, ukapasuka siku ya ufunguzi!

— Na daraja la mtaroni, Bonifasi akajitetea.

— Ule ubao? Mke wangu anaruka mtaro kwa sababu anauogopa huo ubao.

— Muacheni, nikasema. Kampeni yake mliila nyie. Samaki migebuka na wali wa mawese, na hayo mawese aliyatuma nani kutoka ng'ambo kama si mama huyo huyo? Jaji ulikula mpaka ukalegeza mkanda.

— Mkanda ulikuwa na kasoro, Jaji akajibu. Tuendelee na shauri lililo mbele yetu.

Shauri likaanza. Redio ndiye aliyefungua.

— Mbona ni rahisi! Mwiko unakataza kumsemesha mama mkwe, sivyo? Kipaza sauti hakimsemeshi mtu. Wewe simama uelekee ziwani, mpe mgongo mlango wako, tangaza. Utakuwa unawaambia samaki. Yeye kama ana masikio, shauri yake.

— Oya, Pastory akakataa. Akishasikia, si atapanda lori? Tunataka asipande. Mimi nampandisha Kalinzi leo leo. Namweka kwenye mibuni, nampa kikapu, awe anachuma.

— Na akiulizwa kitu kwa Kiha, lugha ya huko? Redio akauliza.

— Awe bubu. Mama mkwe wangu mimi alijifanya kiziwi miaka yote nikiwa na shida, akapona siku nilipouza kahawa.

Jaji akainua kidole. Jaji akiinua kidole, lazima usubiri, maana kwanza anakohoa.

— Neno lililotumika kwenye amri ni mgeni. Je, mama mkwe ni mgeni? Hapana. Mama mkwe ni mzazi. Kwa hiyo Mheshimiwa asome tangazo lake bila wasiwasi, halimhusu mama.

— Basi halimhusu mtu yeyote! Redio akadakia. Kwangu wapo shemeji zangu. Kwako yupo nani, Jaji? Si yule binamu wa mkeo na ukoo wake wote?

— Naam, kisheria ni ndugu.

— Na wasio na undugu tuwaoze! Kuanzia sasa hadi magharibi, kila mgeni apate mchumba wa hapa. Kesho malori yakifika, kata nzima ni wakwe.

— Nitafungisha mimi, Jaji akasema. Nilibeba mihuri miaka mingi, naijua ilivyo.

— Kwa mahari gani? Pastory akauliza.

— Kwa mkopo, Redio akajibu.

Nilicheka mpaka mgongo ukaniuma. Lakini nikamtazama Bonifasi, alikuwa anafunga na kufungua ile kanga, anaifunga, anaifungua, kama mtu aliyepotewa na fundo. Nikamhurumia. Nikamwambia:

— Bonifasi, achia ngazi. Rudisha hilo likopo, waambie udiwani basi. Waje wasome wenyewe.

Hapo ndipo alipopandisha hasira. Sijawahi kumwona Bonifasi amekasirika, hata mtu akimrudishia suruali mara ya pili.

— Waje wasome wenyewe? Mnajua walivyosoma kata ya jirani? Diwani wao alijifanya ana malaria, akajifungia ndani. Hakutangaza. Alfajiri mgambo wakaingia mlango kwa mlango. Watu wamepandishwa malori hawana sufuria, hawana shuka, mama kapakiwa lori hili na mtoto lori lile. Yule diwani bado ana malaria mpaka leo, na hajaguswa na mtu. Ninyi mnadhani mimi sikuwaza kuumwa? Nikitangaza leo, watu watapika, watafunga mizigo, watashikana mikono. Nikikaa kimya, kesho wanavurugwa. Fadhila niliyonayo ya kurudisha ndiyo hii, Dotto. Sina nyingine.

Alimwita Redio kwa jina lake halisi. Tukajua si mchezo.

Pastory akammiminia kahawa, na mara hii hakumtukana. Foleni ya bombani ikasogea, ikasimama. Wengi wa mle kwenye foleni walikuwa wageni, na walikuwa wanatutazama kwa namna ambayo sikuipenda, kama watu wanaosubiri tumalize kujidanganya.

Lakini kijiwe hakiwezi kukaa kimya, kitaota magugu.

— Nimepata, Redio akasema taratibu. Twendeni wote.

— Wapi?

— Kambini. Kata nzima. Kesho malori yakija, tunapanda sote, wenyeji kwa wageni. Watajuaje nani ni nani? Huko kuna mbaazi, kuna mafuta, kuna turubai, na daktari hana foleni. Angelina anakaa na mama yake, Bonifasi anakaa na Angelina. Na kwa kuwa watu wake wote wako kule, anaendelea kuwa diwani kule kule!

— Hoja ina uzito, Jaji akasema. Ila vikao vya baraza vitabidi vihamishiwe kambini. Wajumbe wengine watalalamikia umbali.

— Watapewa turubai.

— Mimi kahawa nitauzia wapi? Pastory akauliza.

— Langoni. Kila lori linaloingia lina kiu.

— Ego! Hapo sawa. Lakini turubai langu lisiwe karibu na la Winchi, anakoroma.

— Kwani nani kakwambia nitakuwa na turubai dogo? nikasema. Mimi ni mfanyakazi mstaafu wa bandari, nataka lenye kibaraza.

Ndiyo hivyo, tukaanza kugawana kambi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Jaji alikwisha kujipa uenyekiti wa usuluhishi, na Redio alikuwa anabishania nafasi karibu na ghala, foleni ilipopasuka katikati na mama mkwe mwenyewe akatokea, kitenge begani, hana haraka.

Bonifasi kumwona, akaruka nyuma ya mataruma, akachuchumaa, akajifunika kanga gubigubi. Diwani mzima akawa furushi.

— Shikamoo mama, tukasema kwa pamoja.

— Marahaba, bana wangu, akajibu kwa Kiswahili cha kwao, ambacho wana ni bana na watu ni batu.

Akasimama analitazama birika. Furushi hakulitupia jicho hata kidogo.

— Pastory, muambie mukwe wangu, habari ya malori tumeisikia bombani tangu asubuhi.

Pastory akaliinamia furushi.

— Mama anasema wamesikia tangu asubuhi.

— Muulize kamwambia nani, furushi likasema.

— Anauliza, nani kakwambia?

— Muambie, kwenu huku bombani habari ndiyo inafika haraka, maji ndiyo yanachelewa.

Foleni ikacheka. Hata furushi lilitikisika kidogo.

— Muambie tena, mama akaendelea, na sauti yake ikashuka. Angelina nimekwisha sema naye. Amelia, amenyamaza. Anabaki na bana yake. Mi naenda. Kesho nitapanda wa kwanza, batu bote baone. Nikibaki mule sebuleni, nani atamuamini mukwe wangu tena? Batasema ametoa bana ba wenzake, wake amemuficha.

Pastory akaliinamia furushi apeleke ujumbe.

Kabla hajasema, furushi likasimama. Kanga ikaanguka. Bonifasi akamgeukia mama mkwe wake, uso kwa uso, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima.

— Mama, usiende.

Wanawake wa foleni wakashika midomo. Ndoo ya mtu ikadondoka, maji yakamwagika, na hakuna aliyeyajali. Mama akamtazama yule mume wa mtoto wake, akamtazama sana, nadhani ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake sawasawa. Kisha akamrudia Pastory.

— Muambie amevunja mwiko. Faini yake ni mbuzi. Na mbuzi wa mwiko haletwi na mutu wa kutumwa. Amulete yeye mwenyewe, kule kule kambini.

Bonifasi akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nililia, sioni haya kusema. Redio naye alisingizia moshi wa jiko la Pastory, na jiko lenyewe lilikuwa limezimika.

Jua lilikuwa limeinama. Bonifasi akaokota kipaza sauti, akakipeleka mdomoni.

— Tangazo, tangazo. Kwa amri iliyotolewa, wageni wote...

Hapo sauti yake ikakatika. Watu walisikia neno amri tu, wakaanza kunyanyua ndoo zao na kuita watoto, na wengine wakawa wanatazama ufukweni, kwenye mitumbwi. Ziwa siku hiyo lilikuwa limechafuka vibaya, mawimbi meupe mpaka mbali.

— Lete, mama akasema. Akamwambia yeye mwenyewe, si Pastory. Weye unasoma kiserikali. Batakimbilia ziwani, batakufa.

Akakichukua.

— Bana ba ng'ambo! Ni miye, mama Angelina. Musikimbie. Kesho kuna malori, tunaenda kambini, na mi ndiye wa kwanza kupanda. Pikeni chakula leo. Fungeni sufuria zenu pamoja na shuka. Mutoto mudogo afungwe mugongoni kwa mama yake, asipewe mutu mwingine kumubeba. Munasikia?

Wakasimama. Waliokuwa wameelekea ufukweni wakarudi. Mama akashika njia ya uchochoroni, nyumba hadi nyumba, akirudia maneno yale yale, na diwani wetu nyuma yake hatua chache, kainamisha kichwa, kabeba kanga yake.

Walipolizunguka eneo lote wakapita tena mbele ya benchi. Mama akatuelekezea kile kipaza sauti, sisi wanne, na kilikuwa kinavuma.

— Na ninyi bazee ba hapa. Kesho kuna vikongwe hawataweza kupanda lori peke yao. Nani kati yenu atakuja kubapandisha?

Redio akamtazama Jaji. Jaji akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Pastory, na Pastory akainamisha birika kwenye kikombe, halikutoa kitu. Mama alisubiri. Alitupa muda wa kutosha kabisa. Halafu akaendelea na safari yake, na Bonifasi akapita bila kututazama.

Walipokwisha kupinda kona, Jaji akakohoa.

— Suala hilo, akasema, linahitaji kikao.