Wasifu wa Pudensiana Lyamba, Aliyefinyanga Huku Akiongea na Watu

Mimi ni Hilaria, binti wa kwanza wa marehemu. Kaka yangu Gaudensi ameniomba nisome kwa upole kwa sababu Padre yupo. Nitajitahidi.

Marehemu mama yetu, Pudensiana Lyamba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Usevya, Mpimbwe, wilaya ya Mpanda. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Salvatori Lyamba na mkewe Getrude, wakulima wa mpunga. Alibatizwa akiwa mchanga, na imani yake hakuiacha hata siku moja, pamoja na yote yaliyosemwa juu yake.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwenyewe alikuwa akicheka anaposimulia jinsi alivyochapwa kwa kuongea huku akichora kwenye kibao chake. Sista alimwambia achague moja, kuchora au kuongea. Akamjibu, "Sista, nikinyamaza mkono nao unalala." Akaongezewa viboko.

Ufinyanzi alifundishwa na bibi yake, na ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote pamoja na kilimo. Wafinyanzi wengine walikuwepo. Mama alitofautiana nao kwa jambo moja: hakuweza kufinyanga bila mtu wa kuongea naye. Aliyetaka chungu au mtungi alikuja na kuketi kwenye kigoda, mama akishika udongo. "Enhe, za kwako?" Hapo kazi imeanza. Unamweleza habari za mazao, za mume, za ugomvi na jirani, naye anauliza, anabisha, anacheka, vidole vinazunguka. Katikati ya maneno anakuuliza, "Shingo niinue au niiache hapo?" Ukishajibu, mnaendelea na habari zenu. Udongo ukianza kukauka alichukua mwiba akachora tumboni mwa chungu kitu kutoka katika yale mliyoongea. Kama ulimwambia ng'ombe wako amepotea, ulikuta ng'ombe. Ndiyo maana hapa Mwese hakuna aliyesema "chungu cha Pudensiana". Kila mmoja alisema "chungu changu", na alikuwa sahihi, kwa kuwa walikitengeneza wawili.

Alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Melkiadi Luhende, tarehe 8 Agosti 1959. Mwaka 1972 walihamia hapa Mwese, kwao baba, wakapokelewa vizuri. Baba alifariki mwaka 1988. Mama alibaki na shamba, udongo wake, na watu waliojaa uani kila kiangazi.

Sasa nasema ya mwaka jana, na naomba nisikatizwe.

Yalianzia mwaka 1997, Kabula, mke wa mtoto wa baba mdogo Mwandu, alipokuja kuagiza mtungi. Siku hiyo habari yake ilikuwa moja tu: binti yake Nyanzala ameanza kutembea, na anatembea ameshika sikio lake mwenyewe kana kwamba ndilo linalomzuia kuanguka. Mama alicheka hadi akauacha udongo. Kisha akamchora Nyanzala kwenye mtungi, ameshika sikio.

Januari 1998, mvua zile kubwa zikiwa zimekata barabara, Nyanzala alifariki kwa malaria. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, na baba mdogo Mwandu alikuwa amesimama pale akisikia. Aliporudi nyumbani akasema shemeji yake, yaani mama, amemfunga mtoto ndani ya mtungi.

Kiliitwa kikao cha ukoo. Mama alisema, "Shemeji, yule mtoto nilimpenda. Nilimchora kwa sababu nilimpenda." Ikaamuliwa mtu yeyote asikae naye akifinyanga. Halafu watu walikwenda majumbani mwao, wakavileta vyungu walivyoagiza wenyewe, vyungu walivyonywea maji miaka na miaka, wakavivunja uani kwake kwa mipini ya majembe. Wengi wenu mliokaa hapa mbele mlikuwepo. Nawaona.

Mama alijaribu kufinyanga peke yake. Alikanda udongo, akaketi, akanyanyuka. Nilipomuuliza, aliniambia, "Hilaria, nitamuuliza nani kuhusu shingo?" Nilikaa naye nikaongea, lakini alitaka watu, hakutaka mtoto wake anayemhurumia. Kiangazi kizima hakutoa hata chungu kimoja.

Mwezi Novemba Kabula alikuja. Alipita njia kuu mchana, wote wakimwona. Alisimama uani akasema, "Mama mkubwa, Nyanzala hakupigwa picha. Sura yake ilikuwa kwenye ule mtungi tu, na wameuvunja. Nimeanza kumsahau."

Mama alimvuta kigoda. "Kaa. Niambie alivyokuwa."

Wakaongea, wakalia, mikono ya mama ikafanya kazi. Kabula alimsahihisha: paji la uso lilikuwa pana zaidi, sikio lile lilikuwa la kushoto. Mama alifuta, akachora tena, mpaka Kabula aliposema, "Huyo. Huyo ndiye." Ndio mtungi wa mwisho wa mama yangu. Uko kwa Kabula, na ole wake atakayeugusa.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi Januari mwaka huu. Tarehe 20 Februari 1999, Jumamosi, alizidiwa. Gari halifiki, hivyo ilibidi abebwe kwa machela hadi barabarani. Nilikwenda kwa baba mdogo kuomba vijana wa kupokezana.

"Vijana wako shamba," akasema.

"Baba mdogo, si hao wamekaa hapo?"

"Nimesema wako shamba."

Tulimbeba wanne: Gaudensi, mume wangu Bartolomeo, Kabula na mimi. Tulipumzika kila mara kwa sababu hapakuwa na wa kutupokea. Tulipofika mtoni na kumtua, alikuwa ameshakata roho.

Leo vijana wapo, na baba mdogo ameleta turubai na anafuta machozi. Kaburi mmechimba nyie, tunashukuru. Jeneza hamtalibeba. Litabebwa na wale wale wanne, na tukichoka tutapumzika.

Marehemu ameacha watoto watatu, Hilaria, Gaudensi na Jeniffer. Ameacha pia wakwe, wajukuu saba, mdogo wake Simon aliyeko Usevya, na Kabula, ambaye familia inamtambua kama mtoto wa nne.

Mungu ampokee Pudensiana Lyamba, ampe pumziko na amani ambayo ukoo huu ulimnyima. Amina.