Mama Vagheni Adèle, Aliyetuomba Tuogope Mapema

Mama Vagheni Adèle alizaliwa Luofu tarehe 14 Machi 1971, binti wa baba Syauswa na mama Kasika, wakulima wa maharagwe. Alisoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari Lubero hadi mwaka wa nne. Huko kwenye baridi alijifunza kufuma sweta, kazi iliyomlisha baadaye.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa kanisani na baba Gracien Sikuli. Walihamia Mangina, wakalima kakao, na Mungu akawapa watoto watatu: Lévi, Julie na Joyeuse.

Oktoba 2018, Ebola ikiwa imeingia kwa majirani, mama Adèle alianza kutoka damu isiyokuwa ya mwezi. Siku zile aliyetoka damu alichukuliwa na gari hadi kwenye mahema ya wagonjwa wa Ebola, na wengine hawakurudi. Kwa hiyo aliificha. Vitambaa alivianika ndani, madirisha yamefungwa. Alimwambia mumewe, “Baba Lévi, usiseme kwa mutu. Batanipeleka ku tente.” Baba Gracien naye aliogopa, akanyamaza. Ebola iliisha, lakini kimya kile kiliwafuata hata walipokimbia vita na kuja Butembo mwaka 2021.

Februari 2023 muuguzi alimpima, akakuta kansa ya shingo ya kizazi, imeshaenea. Alimweleza kuwa ugonjwa huo huanza polepole, na ukionekana mapema hutibika.

“Donc haikukuwaka Ebola hata siku moja?” mama Adèle aliuliza.

“Hapana, mama.”

Alilia sana.

Tangu hapo alizunguka vikundi vya akina mama wa parokia. Aliuliza nani anaogopa kupimwa. Hakuna mkono ulioinuka. Akainua wake. “Miye naogopa sana, na niko mugonjwa tayari. Ninyi muogope mapema, njia ingali wazi.”

“Na ile chuma yao ya kupimia ndani, mama?” mmoja wao aliuliza.

“Ulizala batoto saba, unaogopa kachuma?”

Walicheka, na baadhi yao wakaenda kupimwa.

Wiki ya mwisho alimshika mkono binti yake Joyeuse, ambaye ametuomba tuliseme hili: yeye pia ameanza kutoka damu.

“Utaenda kupimwa?”

“Nitaenda, mama.”

“Siku gani?”

Joyeuse hakujibu. Mama Adèle alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024.

Ameacha mume, baba Gracien; watoto Lévi, Julie na Joyeuse; na mjukuu Bénie. Leo asubuhi, mbele ya jeneza, Joyeuse amejibu: Jumatatu. Anaogopa, nasi tunaogopa pamoja naye. Julie atamsindikiza.

Lala kwa amani, Mama Adèle. Siku imeshatajwa.