Shangazi wa Miti Miwili: Miaka Thelathini na Mmoja Ndani ya Kiini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Shangazi atazima kompyuta yake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi katika idara ya mifumo. Kumi na saba kati ya hiyo ameitumia katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya tatu, yeye akiwa amenipa mgongo nami nimempa mgongo, kila mtu na skrini yake. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike habari zake katika jarida letu, kwa uchangamfu na zisizidi ukurasa mmoja. Nitajitahidi.

Jina la Shangazi alipewa na vijana wa programu za simu. Halikutokana na umri. Lilitokana na namna alivyowarudishia kazi yao mbovu: anawawekea karatasi mezani, imejaa wino mwekundu, halafu anawauliza kama wamekula. Mimi aliniita Mharibifu. Kazi yangu ni kupima, yaani kuvunja alichojenga yeye kabla wateja hawajakivunja. Tumeishi hivyo miaka kumi na saba, na hatujawahi kununiana zaidi ya nusu siku.

Kwa wasiojua tulichokuwa tukifanya kule mwisho wa korido, kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, inayoiamuru mashine yenyewe. Huongezewa vipande viitwavyo moduli, kimoja cha diski, kingine cha mtandao, kingine cha sauti, na kila kipande hupewa eneo lake kwenye kumbukumbu ya mashine. Hitilafu ikitokea, mashine hutema namba ndefu ya mahali ilipotokea, ambayo ndiyo anwani, na kiini kinatakiwa kijibu: hii ni ya moduli ipi? Zamani kilipita kwenye orodha kuanzia juu, kikiuliza moduli moja baada ya nyingine. Kwenye mashine yenye moduli mia mbili, na swali lenyewe likiulizwa maelfu ya mara kwa sekunde na vyombo vyetu vya upimaji, mashine ilikuwa inahema.

Shangazi aliitupa ile orodha. Akazipanga anwani katika muundo wa mti: kila tawi linapogawanyika, ndogo kushoto, kubwa kulia. Maswali mia mbili yakawa manane. Ila kulikuwa na kigingi. Swali linaweza kuja wakati moduli mpya inaongezwa na mti umefumuliwa, na wako waulizaji wasioruhusiwa kusubiri hata kidogo, maana wakisubiri mashine nzima inaganda. Akajenga miti miwili inayofanana. Mmoja ukirekebishwa, waulizaji wanautumia mwingine, kisha inapokezana. Hakuna anayesubiri. Ripoti iliyokuwa ikichukua dakika nne ikatoka kwa sekunde kumi na mbili. Nilidhani kipimo changu kimekufa, nikakirudia mara sita, na yeye nyuma yangu anacheka hadi miwani inamvuka.

Hakuwa malaika. Moduli ikianza kazi huja na sehemu ya kuanzia, ambayo ikishamaliza shughuli yake hutupwa, na nafasi yake hupewa moduli nyingine. Katika toleo la kwanza, Shangazi aliziingiza sehemu hizo kwenye miti, akasahau kuzitoa. Siku tisa mfululizo hitilafu za diski ziliandikwa kwa jina la moduli ya sauti, kwa sababu mti ulikuwa bado unamtambua aliyekwisha ondoka. Fundi wetu wa sauti, mtu mpole asiye na hatia yoyote, alisemwa kila asubuhi kikaoni mpaka akaanza kujishuku mwenyewe. Mimi sikuliona kosa lile, na kuliona ndiyo kazi inayonilipa. Aliliona mwenyewe. Akasimama kikaoni, uso mkavu, akasema kosa ni lake na fundi wa sauti aachwe apumue. Tangu siku hiyo fundi yule humpisha mlangoni hata akiwa amebeba spika mbili.

Sasa nifike mahali ambapo uchangamfu niliouahidi unanipa shida. Kabla ya miti miwili, simu ya mezani ya Shangazi ilikuwa haipoi. Mashine zikikwama, kila msimamizi wa seva alimpigia yeye, na wakishamaliza habari ya mashine walibaki wakipiga soga. Mmoja alimhadithia habari za wanawe mapacha tangu wanaota meno hadi wanaanza shule. Nilikuwa nalalamika kelele. Toleo jipya lilipotoka, mashine ziliacha kukwama, na simu zikapungua, zikawa moja kwa wiki, kisha moja kwa mwezi, kisha basi. Nilimwona zaidi ya mara moja akinyanyua mkono wa simu na kuuweka sikioni, kuhakikisha laini ni nzima. Nikamtania kwamba simu yake imemtangulia kustaafu. Alicheka vizuri tu, akaniambia kwamba ametengeneza kitu kizuri mno, kikamkosesha watu. Mimi nikaichukua kama mzaha, nikarudi kwenye skrini yangu.

Ilibaki simu moja, ya kutoka. Kila siku saa saba mchana alimpigia mama yake nyumbani, walikokuwa wakikaa wawili, kumuuliza kama amekula na kama amemeza dawa ya presha. Niliyajua mazungumzo yale kwa moyo. Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, yakakoma. Nilifikiri labda mama amepata mtu wa kumwangalia. Siku ya kumi na moja, nikipitisha fomu za likizo za idara, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, nikakuta siku mbili za Shangazi zilizojazwa kwa maandishi yake madogo: mazishi ya mama. Siku hizo mbili niliona kiti chake kitupu na sikuuliza; alikuwa amerudi kazini mara zilipokwisha, na jambo la kwanza nililomuuliza asubuhi ile, bila kugeuka, lilikuwa kuhusu hitilafu ya moduli ya mtandao. Alinijibu, tena kwa ufasaha. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha, na hata pole yenyewe niliitoa ya kuchelewa, nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe mkononi.

Yaliyobaki yapo kwenye rekodi: tuzo mbili za idara, vijana sita aliowafunza, na sehemu ya kiini inayofanya kazi wakati huu kwenye mashine za watu wasiojua kwamba yupo. Hakutaka sherehe. Alisema keki italiwa na idara ya fedha.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya makala haya ahakiki tarehe. Nilikuwa nimemalizia kama inavyomaliziwa siku zote, kwamba milango yetu iko wazi na kwamba tutamtembelea. Akasahihisha miezi mitatu ikawa minne. Halafu akaweka kalamu juu ya neno tutamtembelea, akaniuliza kama hilo ni la kweli au ni lile la kuandikwa tu, maana nyumba ni kubwa na angependa kujua. Katika miaka yote hii sijawahi kukanyaga kwake. Nilijiumauma, nikasema nitaangalia ratiba. Alitikisa kichwa kwa upole, akanirudishia karatasi.

Sentensi ile nimeifuta. Naandika hii badala yake, mbele ya watumishi mia mbili na arobaini wanaosoma jarida hili, ili nisipate pa kukimbilia. Shangazi, idara inakushukuru kwa kila sekunde uliyotuokolea, nasi tunakuombea siku nyingi, njema, zenye watu ndani yake. Ratiba nimeiangalia. Jumamosi hii, asubuhi yako ya kwanza bila kazi, saa nne kamili, nitabisha hodi mlangoni kwako, na ukichelewa kufungua nitaendelea kubisha.