Kamasi kwenye Tangi la Mama

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya mafriji, pale barabara inapokata kona, na mguu wake wa nne ni kompresa iliyokufa. Ndiyo maana fundi mwenye karakana tunamwita Kompresa, ingawa yeye hudai ni kwa sababu ya kifua chake. Kando yake huketi Hakimu, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini bila kumhukumu hata kuku. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu. Birika lake likikauka anaondoka zake, hata kama kuna mtu yuko katikati ya sentensi. Mimi wananiita Hoja, kwa kuwa nabishana chuoni wiki nzima, na Jumamosi nakuja kubishana hapa. Jumamosi ile nilifika na ndoo, nikaiweka chini katikati yao. Hakuna aliyekumbuka salamu. Wote waliinama kuchungulia.

— Hicho ni nini? aliuliza Kompresa.

— Kamasi.

— Ya nani?

— Ya tangi la mama.

Kompresa akarudisha kichwa nyuma haraka.

Sebuleni kwetu kuna tangi la kioo lenye urefu wa mtu aliyelala. Ndani yake ni maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mama alilijenga kwa miaka sita, jiwe moja moja. Kati ya matumbawe yote analipenda moja aliloliita Vidole. Alilibandika kwenye jiwe likiwa dogo kama ukucha, na likifunguka vizuri sasa linatosha kujaza sahani, linapunga punga kama watu wanaoaga kituoni. Mama mwenyewe yuko ng'ambo, mwezi wa nane huu. Na kwa wiki sita mchanga wa tangi umetandwa na utelezi wa kahawia, nyuzi nyuzi, wenye mapovu juu. Vitabuni kiumbe huyo anaitwa dinoflajeleti, na ni mdogo hivi kwamba tone moja hubeba maelfu. Hapa benchini jina hilo lilikataliwa siku ya kwanza. Wakampa la Kamasi, akalikubali.

— Kesho Jumapili, saa nne, mama anapiga simu ya video, nikasema. Atataka kumwona Vidole. Vidole amefunga. Jana alikuwa na ncha tano wazi, leo asubuhi nimehesabu tatu.

— Joto, alisema Kompresa. Kila kinachoharibika kinaanza na joto. Samaki akishikwa na homa anatoa kamasi, kama mtu tu.

— Digrii ishirini na tano na nusu, asubuhi, mchana na jioni. Nimeandika. Hoja yako imeanguka kabla haijasimama.

— Basi gesi imeisha.

— Tangi halina gesi, Kompresa.

— Si ndiyo nasema!

Hakimu akaweka kikombe chini, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine. Hivyo ndivyo anavyofungua kikao.

— Tufuate utaratibu. Mshtakiwa huonekana saa ngapi?

— Taa ikiwaka. Saa tano anaanza kutanda, saa tisa amefunika mchanga wote. Taa ikizimwa anapotea, mchanga unakuwa mweupe kama vile hakukuwa na mtu.

— Anaingia saa tano, anaondoka taa ikizimwa, na hapo katikati hakuna kazi inayofanyika. Huyo ni mtumishi wa umma, namfahamu. Ahamishwe kituo.

Tulicheka, hata mimi. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

— Nyie mnafanya mzaha. Mimi nimezima taa siku tatu, nimelifunika tangi kwa mablanketi mawili. Siku ya nne amerudi na ukoo wake wote. Nimemfyonza kwa mpira. Nimemtilia dawa ya kuoshea vidonda, tone kwa tone, kwa bomba la sindano. Kila baada ya siku moja nabadilisha nusu ya maji. Nakoroga chumvi kwenye beseni la kuogea, na mimi mwenyewe naoga kwa kopo sinkini. Hakuna tangi safi kuliko lile mji huu mzima. Nimepima uchafu wa maji: sifuri! Njoo upime na wewe, sifuri! Halafu yeye ananawiri.

— Lete mikono, alisema Shangazi.

— Mikono ya nini?

— Nimesema lete.

Nikampa. Akaigeuza viganja juu. Chumvi ilikuwa imeipasua kwenye viungo, na kidole gumba cha kulia kilikuwa na plasta mbili.

— Mama yako ameiona hii?

— Ataionaje? Simu naishika mimi.

Shangazi akaniachia, akamimina kahawa ya Hakimu mpaka ikafika ukingoni.

— Na wale konokono? aliuliza Hakimu. Wiki iliyopita ulituambia unao konokono saba, walinzi wako.

— Wamekufa. Walimla, akawaua. Ana sumu.

— Saba! Hakimu akasimama kabisa. Basi hii si kesi ya uchafu tena, haya ni mauaji. Na konokono hauawi bure, ndugu zangu. Wale walikuwa wameona kitu.

— Wameona nini, Hakimu? Nani kamtuma Kamasi?

— Taa! Nani mwingine? Anakuja taa ikija, anaondoka taa ikiondoka. Mshtakiwa wa kwanza ni taa. Kamasi ni kijana wa kutumwa.

— Mimi nasema tumpige umeme, alisema Kompresa, ambaye hapendi mtu mwingine aongoze. Volti kumi na mbili tu, za betri. Waya mmoja huku, mwingine kule. Anashtuka, anaachia mchanga.

— Na samaki?

— Samaki tunawatoa kwanza, wanakaa kwenye friji ya pale ndani. Imezimwa, usiogope.

— Friji iliyozimwa! Sasa wewe ni fundi au ni Kamasi mwenyewe?

— Nyote mnazunguka, alisema Shangazi. Lile tangi linamlilia mwenyewe. Limezoea sauti yake. Mtoto akiachwa anafumba mikono hivi, hali, hasemi, analala ukutani. Huyo Vidole amenuna. Chukua sauti ya mama yako kwenye simu, iweke juu ya kioo, imsemeshe.

— Shangazi, tumbawe halina masikio.

— Wewe unayo mawili. Yamekusaidia nini?

Kompresa akapiga paja lake kwa furaha. Nikahisi uso unawaka, na uso ukiwaka mimi husimama. Mwalimu wetu wa midahalo amelikemea hilo mara nyingi.

— Sawa! Tuseme linamlilia. Ni nani aliyemfanya aondoke? Mtu amekaa maabara ya hospitali miaka kumi na tisa, amesoma damu ya nusu ya watu wanaopita hapa mbele yenu, halafu maabara inafungwa kwa barua ya mistari miwili! Leo anamkata kucha bibi wa watu, anamwogesha, anamwimbia alale, na huko wanamwita "msaidizi". Msaidizi! Yule bibi ana watoto watano, Shangazi, watano, na mama yangu ana mmoja. Hesabu gani hiyo? Wao wana mama yangu, mimi nina mawe yake!

Mbele ya jopo la waamuzi hapo ningesikia makofi.

Wakati huo wote alikuwepo mwanamke mmoja mwisho wa benchi, amepakata feni ya mezani iliyofungwa kwenye shuka. Aliileta kutengenezwa, Kompresa akamwambia asubiri kidogo, na kidogo ya Kompresa sote tunaijua. Sasa akainua kidole kama yuko darasani.

— Samahani, dada. Mimi sijui samaki wala matumbawe. Huyo mama mwenye tangi, yeye anasemaje?

— Anasemaje kuhusu nini?

— Kuhusu hiyo Kamasi. Mmemuuliza?

Kompresa akamwangalia Hakimu. Hakimu akaangalia kikombe chake. Shangazi aliinua birika kumimina, likatoa nusu kikombe, likakohoa, likakauka. Alipaswa kuondoka. Hakuondoka.

Wiki sita tulikuwa tumelijadili tangi lile kutoka kila upande, tumeishtaki taa, tumewazika konokono kwa heshima zote, na hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo.

— Hajui, nikasema hatimaye. Hajui kama kuna Kamasi.

— Si anakupigia kila Jumapili? aliuliza Kompresa.

— Namwonyesha kona ya kushoto. Nafuta kioo asubuhi, nafyonza mchanga wa pale, naisogeza simu karibu. Akisema nionyeshe Vidole, nasema mtandao umekuwa mbaya.

— Kwa nini, mwanangu? Shangazi aliuliza taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi ya kelele.

Kwa sababu siku ile ya mama kuondoka, gari likiwa limeshawashwa, aliniambia: "Kukiwa na lolote kuhusu tangi, niulize." Nami nikasimama mlangoni na mikono kifuani, nikamwambia kwamba mtu anayeondoka hapewi taarifa. Aende. Tangi litakuwa kama alivyoliacha, na sitamuuliza kitu hata siku moja. Akaingia garini. Ule ndio mdahalo pekee nilioushinda mwaka huu bila mpinzani kujibu.

Sikuwaambia yote hayo. Niliwaambia tu:

— Nilimwambia sitamuuliza.

Mwanamke wa feni alitikisa kichwa, kama mtu aliyeelewa na anayejuta kuelewa.

Nikatoa simu. Jina la mama liko juu kabisa, kwa kuwa mimi hufungua hapo mara nyingi bila kupiga. Nikabonyeza. Ikaita mara moja, ya pili haikumalizika.

— Mwanangu? Leo si Jumapili. Kuna nini? Umekula?

— Mama, Vidole anakufa.

Nilisema yote, haraka, bila mpangilio, bila hoja ya kwanza wala ya pili. Nyuzi, mapovu, konokono, mablanketi. Nyuma yake nilisikia sauti ya yule bibi ikiita, mama akaijibu kwa lugha ya huko, kwa upole ambao niliutambua mara moja, kisha akarudi kwangu.

— Samaki unawapa chakula mara ngapi?

— Mara moja kwa siku tatu. Punje chache. Nisichafue maji.

— Na naitreti, ule uchafu wa maji, ulipima?

— Sifuri, mama.

Nilisema kwa fahari, hata hapo.

— Sifuri, alirudia, kama anasoma majibu ya mgonjwa. Mwanangu, umewashindisha njaa wote. Maji yakikosa kitu kabisa, wale viumbe wadogo wazuri waliokuwa wakimzuia wanakufa, anabaki yeye peke yake na uwanja mzima. Acha kubadilisha maji. Usiyaguse wiki mbili. Wape samaki chakula kila siku, wape mpaka uone aibu. Mchanga uchafuke kidogo.

— Na Vidole?

— Sijui. Ana ncha ngapi?

— Tatu.

— Alianza na moja.

Nilikaa. Hakimu alisogea, akanipisha nafasi kubwa kuliko niliyohitaji.

— Kesho nionyeshe tangi lote, mama akasema. Ile kona ya kushoto nimeshaikariri. Wiki sita hizi naoga, nalala, naota kona ya kushoto.

— Ulijua?

— Mimi ni mtu wa maabara. Anayeleta kioo kilekile cha kipimo kila wiki, kila wiki safi, huyo ndiye mgonjwa.

— Na hukusema!

— Ulisema hutaniuliza. Nikangoja.

Yule bibi aliita tena, kwa nguvu kidogo. Nilijua mama anataka kwenda. Nilijua pia kwamba hataenda kabla hajapata jambo moja.

— Hujanijibu, alisema. Nimekuuliza, umekula?

Mwanamke aliikumbatia feni yake. Shangazi alikuwa bado amesimama na birika tupu mkononi. Ndoo ilikuwa katikati yetu, jua la saa tano limeipata, na ndani yake Kamasi alikuwa ameanza kupandisha mapovu.

— Bado, mama, nikasema. Bado.