Muindi wa Nyumba ya Kaluki

Ndugu na majirani, mimi ni Ngina, dada mdogo wa marehemu. Nimepewa kuwasomea maisha yake, na nitajikaza.

Muindi alizaliwa Masii tarehe 14 Aprili 1979, kifungua mimba wa mama yetu, Syombua. Mama aliolewa na Susu Kaluki, yaani Bibi Kaluki, mwanamke mjane asiyejaliwa mtoto, kwa desturi yetu Wakamba ya mwanamke kumwoa mwanamke amzalie watoto, ili nyumba isizimike. Kwetu Susu ndiye aliyekuwa baba, tena mkali kuliko baba wengi.

Mwaka 1993, fomu ya mtihani wa darasa la nane ilitaka jina la baba. Muindi akaandika Kaluki. Darasa likacheka, mwalimu akafuta na kuweka kistari. Siku hiyo hakula. Susu aliposikia alimwuliza, "Kwani mimi ni kistari?"

Alipata diploma ya kompyuta mwaka 2001, akafundisha, kisha akafungua ofisi Mumbuni ya kutengenezea shule mifumo. Alama za mitihani alizihifadhi katika majedwali yaliyounganishwa kwa namba ya mwanafunzi. Shule zisizo na intaneti aliziwekea masomo katika hifadhidata ndogo ndani ya tableti.

Alimwoa Wamucii tarehe 6 Desemba 2008. Kabla ya hapo Wamucii aliuza sweta sokoni Machakos, na Muindi alizinunua mpaka Mama akauliza kama amehamia mlimani kwenye baridi.

Mwaka 2014 shule moja ilimsajili Katunge, mtoto wa nyumba kama yetu. Jedwali la Muindi halikukubali safu ya baba iachwe wazi, wala halikuwa na nafasi ya mwanamke hapo, basi karani akaweka kistari. Muindi alipokiona alinipigia simu akilia. "Ngina, nimemfanyia mtoto yale niliyofanyiwa mimi."

Alama akaziacha kwenye majedwali. Habari za familia akazihamishia kwenye hifadhidata ya nyaraka, kila mtoto na waraka wake. Jedwali ni trei ya mayai, alisema, lakini waraka ni kiondo: unatia ulicho nacho. Katunge akaandikwa binti wa nyumba ya bibi yake.

Figo zilimsumbua tangu 2023. Alituacha Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, Wamucii akiwa amemshika mkono. Imetuuma sana.

Ameacha mjane, watoto wake Mutiso na Winrose, Mama, na mimi. Juzi mchapishaji wa programu hii ya mazishi aliuliza jina la baba wa marehemu. Mama alimjibu mwenyewe: Kaluki.

Lala kwa utulivu, kaka. Safari hii hakuna aliyelifuta.