Mashua ya Angani na Mikate ya Mama

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa shirika. Mnisamehe nikisoma karatasini. Mnanijua: mimi ni yule msichana wa benchi la nyuma, karibu na mlango, na amani naitoa kwa macho tu. Nikisimama hapa bila karatasi nitalia, na mama amesema leo hakuna kulia.

Nataka kuwashuhudia jinsi hadithi yangu ilivyopotea katika hii vita, na jinsi ilivyonirudia.

Nilianza kuandika mto ulipofungwa. Mnakumbuka. Mashua za kutoka chini hazikupanda tena, chumvi tukaipima kwa kijiko, shule ikafungwa kwa sababu ya risasi. Mimi nilikuwa chini ya meza na wadogo zangu, nikajiuliza: kama mto umefungwa na barabara zimefungwa, mtu atatoka Kisangani kwa njia gani? Nikafikiri juu. Huko juu hakuna askari aliyeweka kizuizi. Basi nikatunga mashua inayopaa, inayokula mwanga wa jua, inayobeba familia nyingi kwenda kwenye nyota moja ya mbali sana. Nahodha ni msichana wa umri wangu, ila yeye hana haya.

Shule ilipofunguliwa nilimpa mwalimu wetu mmoja kurasa za kwanza. Akazisoma mbele ya darasa lote, akacheka. "Mademoiselle, hata Basoko, hapa chini tu kwa mto, hatufikake sasa, na weye unatupeleka kwa nyota?"

Darasa likavunjika mbavu. Tangu siku hiyo vijana wa mtaa wetu wa Kabondo wakaniita Nyota. "Nyota, leo unaenda na toleka ao na mashua yako?" Toleka yenyewe ni baiskeli ya kubeba abiria, ndiyo gari letu siku hizi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: zile kurasa nilizichoma jikoni, maharagwe yakaivia moto wake.

Jirani yetu mmoja, mzee tunayemwita papa, aliyekimbia kutoka Yangambi ambako kazi yake ilikuwa kuchunguza mbegu, aliwasikia wale vijana. Akaniita kwenye uzio. Nilidhani naye atacheka. Akaniuliza, "Binti, mule ndani ya mashua batu batakula nini?"

Sikuwa nimefikiria. Akanieleza jinsi mche unavyotafuta mwanga, na jinsi mbegu inavyoweza kulala muda mrefu bila kufa. Halafu akaniletea rundo la karatasi za kazi yake ya zamani. Upande mmoja majedwali ya mahindi, upande wa pili mweupe. "Hayo mahindi baaskari balishayakula," akasema. "Andika nyuma."

Nikaandika upya, safari hii kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha shule, nikafika mwisho. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Rundo nikaliweka juu ya kabati, upande wa mahindi ukiwa juu, ili wadogo zangu wasijue ni hadithi.

Sasa mama yangu, mnamfahamu kwa mikate yake ya kukaanga, alikuwa amekosa karatasi za kufungia. Karatasi zilikuja na mashua, na mashua hazikuwapo. Akaona majedwali ya mahindi, akasema papa wa Yangambi ametukumbuka. Akamshukuru Mungu, akashusha rundo.

Niliporudi kutoka kuteka maji nikamkuta kijana mmoja wa toleka amekaa juu ya baiskeli yake, mkate mdomoni, anasoma. Mwandiko wangu ulikuwa unang'aa mafuta. Rundo kwenye meza ya mama lilikuwa limekwisha. Nilipomwambia mama zile zilikuwa karatasi gani, alikaa chini mchangani na mikate ikaungua. Mama yangu hajawahi kuunguza mkate.

Nilisema basi, imekwisha. Sikuwa na nakala nyingine. Nililala nikiangalia ukuta.

Kesho yake yule kijana wa toleka akarudi. Nikamsikia: "Mama, nipe mikate, lakini ufunge na karatasi yenye inafuata."

"Yenye inafuata iko kwa huyu," mama akajibu, akaninyooshea kijiko.

"Ni weye njo uliandika?"

Niliangalia miguu yake. "Ndiyo."

"Bon, kama hauna karatasi, uliza batu. Hapa kila mutu alikula kipande yake."

Nami ninayeogopa hata kununua kiberiti, nikaanza kusimama kando ya karai la mama na kuuliza kila mnunuzi kwa heshima ya mkubwa: yaya, ile karatasi uliisoma? Wengine walizirudisha. Mmoja alikuwa ameziba nayo tundu la ukuta, akaibandua. Mwingine alikuwa amewashia moto, lakini alikumbuka kila kitu, akanisimulia na kuongeza mbuzi. Yule mbuzi yupo ndani ya mashua mpaka leo.

Ukurasa wa mwisho haukurudi. Badala yake alikuja mama mmoja, mwenye ukurasa unaoutangulia. Mume wake alishuka mto kabla haujafungwa, na mpaka siku ile hakuwa na habari yake. Akauliza polepole, "Mutoto, bale batu balifika?"

Wanunuzi wakageuka kunitazama. Nilitamani kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeandika kwa kufikiri sana, na uongo ungeharibu yote.

"Hapana, mama," nikasema. "Wale walioondoka hapa hawakufika. Walizeeka njiani. Lakini walizaa mule ndani, wakawafundisha watoto kupanda na kushika usukani. Hadithi inaisha mashua bado inaenda."

Akanipa ule ukurasa wake. "Donc, kumbe haikuanguka."

"Haikuanguka, mama."

"Basi uandike vile. Usiongeze kitu." Akachukua mikate yake, akaenda amenyooka.

Kijana wa toleka akasema, "Miye ningeingia mule na baiskeli yangu." Wakacheka, nami nikacheka nao. Sikuwahi kusema maneno mengi vile mbele ya watu, na hakuna aliyenicheka mimi.

Nimeiandika tena yote. Inapita nyumba kwa nyumba. Hata mwalimu yule aliiomba, na darasani niliisoma mwenyewe, nimesimama.

Namshukuru papa wa Yangambi. Namshukuru kijana wa toleka, na yule mama aliyenikataza kuongeza. Namshukuru mama yangu, na mikate aliyoiunguza. Na ninyi vijana wenzangu wenye kitu ndani yenu, msingoje vita iishe ndipo mkitoe. Watu wana njaa ya kitu hicho sasa hivi.

Zamani mtu akiniuliza naandika nini, nilisema si kitu. Leo nawaambia ninyi nyote, na sauti yangu mnaisikia mpaka nyuma: mimi ni mwandishi. Naandika siku ambazo hazijafika, na zote nazianzia hapa Kisangani.